Tulikulia kwa Mashine Feki, na Hiyo Ndiyo Historia Yetu

Mwaka jana nilitengeneza video ya dakika nane kuhusu gemu za zamani. Niliweka kila kitu: Atari, Sega, Nintendo, muziki wa kutoa machozi, na sauti yangu ikienda polepole kama mtu anasoma tangazo la kifo redioni. Nilianza na "mnakumbuka utoto wetu?" Watu wakaipenda. Wengi wakasema wamelia.

Halafu mathe akaiona kwa simu ya dadangu. Aliiangalia mpaka mwisho bila kusema kitu, akarudisha simu, akauliza swali moja tu.

"Na hizi zote zilikuwa kwa nyumba ya nani?"

Sikuwa na jibu, wasee. Sega sijawahi kuigusa mpaka leo. Atari nimeiona kwa picha. Ile Nintendo ya kijivu niliyoililia hapo kwa video, hakuna mtu kwa ploti yetu aliyekuwa nayo, na nikifikiria vizuri, hata kwa ploti ya jirani hakukuwa. Nilikuwa nimechukua utoto wa mtoto wa Chicago, nikauvaa kama mtumba, nikawaambia ni wangu.

Kwa hivyo leo nairudia hiyo kazi. Mara hii bila muziki.

Kalenda yao na kalenda yetu

Historia ya gemu vile inavyosimuliwa kila mahali inaenda hivi. 1972, Pong inatoka Marekani. 1977, Atari inaingiza gemu kwa sebule za watu. 1983, biashara yote inaporomoka Marekani, maduka yamejaa kaseti mbovu ambazo hakuna anayezitaka. Mwaka huohuo Nintendo ya Japani inatoa mashine nyekundu na nyeupe inayoitwa Family Computer, kwa kifupi Famicom. 1994, Sony inaleta PlayStation. 2000, PlayStation 2. Kila mashine inaua iliyotangulia, na watoto wote wanahama pamoja, kama darasa linalopanda mwaka.

Sisi hatukupanda hivyo. Mimi nilizaliwa 2002. Chukua Jumamosi yoyote ya 2011, nina miaka tisa, niko Kayole. Asubuhi niko kwa jirani, nacheza mashine ambayo akili yake ni ya 1983. Mchana niko kwa kibanda cha gemu, nasubiri zamu kwa mashine ya 2000. Usiku niko chini ya blanketi na simu ya mathe, nakimbiza nyoka wa 1997. Miaka kumi na saba ya historia ndani ya siku moja, na hakuna aliyetuambia ipi ni ya zamani na ipi ni mpya. Zote zilikuwa gemu tu.

Hapo ndipo kila video ya historia, pamoja na yangu, inatupoteza. Inapanga vitu kwa mwaka vilivyotoka kiwandani. Kwetu vilipangwa kwa umbali: kwa jirani, kwa kibanda, kwa mathe. Acha nizichukue kwa mpangilio huo.

Kwa jirani: gemu 9999999 kwa kaseti moja

Kwa ploti yetu TV gemu ilikuwa moja. Ilikuwa ya wale wa mlango wa tatu, ambao baba yao alikuwa dereva wa lori la Mombasa. Ilikuwa boksi la plastiki jepesi ajabu, padi mbili ambazo waya zake hazichomoki, bunduki ya rangi ya machungwa, na kaseti ya njano. Juu ya kaseti walikuwa wameandika kwamba ndani kuna gemu 9999999.

Tuliamini. Mbona tusiamini? Likizo ya Agosti tulikaa chini na kitabu cha hesabu tukaanza kuziandika. Namba 1, Mario. Namba 2, Contra. Namba 3, wale bata. Tukafika kama namba 40 ndipo mmoja wetu akasema, maze, hii ya 40 si ni ileile ya 1? Kumbe ilikuwa Mario yuleyule, ila ameanzishwa mbele kidogo. Nyingine ilikuwa ni vifaru vilevile, ila kuta zimebadilishwa. Tulipofuta zile za kurudia, tulibaki na kumi na kitu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kuukamata kwa hesabu, na mwalimu hakuwepo.

Sasa, ile mashine ilikuwa nini hasa? Ilikuwa mtoto wa pembeni wa Famicom. Famicom yenyewe ilitoka Japani tarehe 15 Julai 1983, ikiuzwa yen 14,800. Aliyeongoza kuitengeneza ni mhandisi anaitwa Masayuki Uemura, ambaye alifariki Desemba 2021. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2. Super Mario Bros. ya 1985, nchi zake zote nane, muziki wake, wale kasa na uyoga, vyote vilitoshea kwa kilobaiti 40. Picha moja ya kawaida unayotumiwa WhatsApp inakula zaidi ya hiyo.

Kwa sababu ilikuwa mashine ndogo na ilipendwa sana, watu wakainakili. Viwanda vya Taiwan, Hong Kong na China bara vilianza kutengeneza mashine zinazosoma gemu za Famicom bila kumuuliza Nintendo. Baadaye wakafanikiwa kuingiza akili yote ya Famicom ndani ya chipu moja tu, na hapo bei ikaanguka kabisa. Mashine hizo zikasambaa kila mahali ambako Nintendo mwenyewe hakujisumbua kufika. Urusi kulikuwa na moja inaitwa Dendy, ilianza kuuzwa 1992, na watu wa kule bado wanaitaja kwa mapenzi. Polandi waliita yao Pegasus. Kuna hata moja iliyovalishwa umbo la PlayStation na kuitwa PolyStation: unafungua kifuniko cha disiki, chini yake unakuta shimo la kaseti.

Kwa hivyo mtoto wa Moscow na mtoto wa Kayole wana utoto unaofanana kuliko vile mtoto wa Kayole anafanana na mtoto wa Chicago. Hiyo sikuijua nilipokuwa natengeneza ile video.

Siku moja ile ya jirani ilikufa. Tukaipeleka kwa jamaa mwenye kibanda cha gemu, ambaye sote tulimwita Fundi kwa sababu pia alitengeneza redio na simu. Akaifungua mbele yetu. Ndani kulikuwa karibu hewa tupu. Kibao kimoja kidogo cha kijani, na katikati yake tone la gundi nyeusi iliyokauka, kubwa kama kifungo cha koti. Tukamuuliza gemu ziko wapi. Akaonyesha lile tone kwa bisibisi. "Mashine ndiyo hiyo. Hilo boksi lingine ni la kukufanya uamini umenunua kitu." Akachomelea waya mmoja, akafunga, ikawaka.

Na hapa weka tarehe moja kichwani. Nintendo iliacha kutengeneza Famicom mwaka 2003. Miaka ishirini kamili, wakazima mtambo. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja. Mashine iliyonifundisha maana ya gemu ilikuwa tayari imezikwa kwao wakati mimi najifunza kutembea.

Je, ilikuwa wizi? Ndio. Watu walioketi kuchora Contra na Mario hawakupata hata senti kutoka kwa ile kaseti ya njano, na sitawapamba waliowaibia. Lakini pia hakuna siku duka lilifunguliwa Kayole likisema karibuni, hii hapa ya halali, kwa bei mnayoweza. Kati ya ya wizi na ya halali hatukuwa na uchaguzi. Uchaguzi ulikuwa kati ya hiyo na kuangalia ukuta.

Halafu sikia hii. Novemba 2016 Nintendo ikatoa mashine ndogo ya kuuzia watu kumbukumbu: umbo la ile yao ya zamani, gemu 30 zikiwa zimeshawekwa ndani, unachomeka kwa TV unacheza. Gemu nyingi, boksi moja, bei nafuu. Niliposoma nilicheka peke yangu kwa matatu. Mwenyewe alikuwa amerudi kunakili nakala.

Kwa mathe: nyoka

Nyoka aliandikwa na mhandisi wa Nokia anaitwa Taneli Armanto, akaingia kwa simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Kwa mathe alifika kupitia ile tuliyoita mulika mwizi, Nokia 1100 yenye tochi, iliyotoka 2003. Nokia waliuza zaidi ya milioni 250 za simu hiyo moja. Ukihesabu mikono iliyoishika, nyoka ndiye gemu ya kwanza ya watu wengi kabisa wa nchi hii, na mara nyingi tunamsahau tukiongea mambo ya gemu, kwa sababu hakuwa na padi wala kelele.

Lakini simu ya mathe haikuwa ya kuchezea. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na kufikia wakati wangu ile simu ilikuwa pia ndiyo kibeti. Mathe aliuza mboga. Mteja akituma pesa ya sukuma na simu imezima kwa sababu ya nyoka, hiyo ni ngori. Kwa hivyo tulipewa muda: mstari mmoja wa chaji, ukiisha unarudisha.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wanaume wa rika langu tunaliruka. Bingwa wa nyoka kwa nyumba yetu hakuwa mimi. Alikuwa dadangu. Alama zake sikuwahi kuzifikia, na nilijaribu kwa miaka. Angeanza kucheza na mstari mmoja wa chaji, na mstari ungeisha kabla nyoka hajafa. Alikuwa na ule utulivu wa kumzungusha nyoka pembeni mwa skrini, taratibu, akijaza kisanduku chote kama mtu anapanga viazi kwa debe.

Kwa nini hakuwa bingwa wa PES pia? Kwa sababu kwa kibanda cha gemu hakuruhusiwa. Hakuna sheria iliyoandikwa. Alikuja mara moja, akasimama mlangoni, vijana wakamwangalia, mmoja akasema neno, akageuka. Alikuwa na miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika padi, na sikusema kitu. Kwa hivyo mtu akikuambia "sisi sote tulikulia pale", jua kwamba hiyo "sote" ni nusu.

Kwa kibanda: mshinde analipa

PlayStation 2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000. Sony wenyewe wanasema waliuza zaidi ya milioni 160, na wakaacha kuitengeneza miaka kama kumi na tatu baadaye. Hakuna mashine ya gemu iliyouzwa kushinda hiyo.

Lakini hiyo hesabu ni ya mashine. Kwa kibanda cha Fundi zilikuwa mbili. Kwa vitabu vya Sony hizo ni mbili. Kwa mtaa wetu zile mbili zilikuwa za watoto wote kutoka stejini mpaka kwa kanisa, kila siku baada ya shule, kwa miaka. Ukitaka kujua ni watu wangapi duniani walicheza PS2, hiyo milioni 160 haikuambii. Sisi tulikuwa wengi kwa kila moja, na hakuna aliyetuhesabu.

Kibanda kilikuwa cha mabati, benchi mbili, TV mbili za mgongo, na feni iliyozunguka ikitaka. Ukutani kulikuwa na kipande cha katoni, kimeandikwa kwa kalamu nene:

Mechi ashu. Mshinde analipa. Usipige padi. Hakuna sare ya shule humu. Stima ikipotea hakuna kurudishiwa.

Hiyo ndiyo katiba ya kwanza niliyoijua kwa moyo. Mechi ilikuwa ya dakika tano, kwa sababu dakika kumi ingemfilisi Fundi. Ukishinda unabaki kwa kiti na mwingine anakuja. Ukishindwa unatoa shilingi kumi na unarudi mwisho wa foleni. Mtu hodari angeweza kuingia na ashu moja saa tisa na kutoka nayo saa kumi na mbili. Nilimjua mmoja aliyekuwa anafanya hivyo, na tulimheshimu kuliko mwalimu mkuu.

Disiki zilikuwa za kuchomwa, zinanunuliwa Luthuli, jina limeandikwa juu kwa kalamu. Fundi alikuwa amezichezea mashine zake ndani ili zikubali kuzisoma. Konami, wenye PES, hawakuwa na haki za timu nyingi za Uingereza, kwa hivyo Chelsea ilikuwa London FC na Man City ilikuwa Man Blue. Kuna watoto kwetu waliona Chelsea kwa TV ya hoteli wakauliza kwa nini wamevaa jezi ya London FC. PES 6, ile ya 2006, ilikuwa na Adriano wa Inter na nguvu ya shuti 99. Ukipata naye nafasi ukiwa hata katikati ya uwanja, kipa alikuwa anaomba tu. Mwishowe Inter ilipigwa marufuku kwa kibanda. Fundi aliiongeza kwa katoni: Hakuna Inter.

Upande wa pili ilikuwa San Andreas, ya 2004. Hii ililipiwa kwa dakika. Hakuna aliyefuata hadithi, hatukuwa na muda wa hadithi. Tulikuwa na kodi. Nyuma ya kitabu changu cha Sayansi nilikuwa na kurasa tatu za kodi, na moja bado iko vidoleni mpaka sasa: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Inakupa afya, fulana ya risasi, na dola 250,000. Mtoto asiye na pesa ya kurudi tena kesho, amekaa kwa benchi ya mbao, amejipa robo milioni ya dola. Dakika zake zikiisha anaguswa bega, anaacha hizo dola hapo.

Kusevu ilikuwa siasa. Memori kadi ya Fundi ilikuwa moja, megabaiti 8, na ya watu wote. Ukisevu juu ya kazi ya mtu mkubwa, usipite karibu na stejini kwa wiki.

Hiki ndicho ninachokikumbuka nikisema nimemiss gemu za zamani. Sikumiss picha, picha zilikuwa mbaya. Nimemiss foleni. Kati ya mechi yangu moja na nyingine kulikuwa na dakika arobaini za kukaa, na kwa hizo dakika arobaini ndipo nilijifunza kuongea. Kutania bila kupigwa. Kusimulia mechi kwa sauti ya mtangazaji, ambayo kusema ukweli ndiyo kazi ninayoifanya leo. Kama ningekuwa na PS2 yangu kwa nyumba, ningekuwa mchezaji mzuri zaidi na mtu wa kimya zaidi.

Sehemu niliyoikata kwa ile video

Sasa tuongee ukweli, juu kumbukumbu zina tabia ya kujipaka mafuta.

Soma tena ile katoni. Mshinde analipa. Mwanzoni ilikuwa bei ya mechi tu. Baadaye sisi wenyewe tukaongeza: ashu ya Fundi, na ashu nyingine ya mshindi. Halafu mbao. Halafu wakubwa wakaanza kuweka dau juu ya mechi za wadogo, sisi tunacheza, wao wanapokea. Ile mashine ya kamari inayomeza sarafu za shilingi 20 ilipofika mtaani, ikawekwa kwa kibanda kilichofuata, na tulivuka kutoka hapa hadi pale bila kuhisi tumevuka kitu.

Nikiwa na miaka kumi na moja mathe alinituma unga na shilingi mia. Nikapitia kwa kibanda. Nikapoteza mechi moja, nikataka kuirudisha, unajua hiyo hadithi. Mia ikaisha. Nikabaki nimekaa kwa benchi kwa sababu sikujua pa kwenda.

Mathe alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, kibanda chote kikanyamaza, hata feni nadhani. Hakunichapa. Hakupiga kelele. Alimwangalia Fundi akauliza, "Huyu ana deni?" Fundi akasema hana. Mathe akasema, "Basi twende." Tulitembea mpaka nyumbani bila neno, na usiku huo tulikula mboga bila ugali. Dadangu hakuniangalia mezani.

Miaka tisa baadaye nilikuwa kampasi, mwaka wa pili. Kwa simu yangu kulikuwa na mpira wa kompyuta, timu ambazo hazipo, mechi za dakika chache, na pesa ya karo kwenye M-Pesa. Nikapoteza moja, nikataka kuirudisha. Wengine mmekuwa mkiuliza kwa nini niliacha chuo na nimekuwa nikijibu kwamba nilifuata ndoto yangu. Jibu ni hilo. Ndoto ilikuja baadaye, nikiwa tayari nje ya geti.

Simlaumu Fundi. Wengi walicheza pale na leo ni madaktari, walimu, madereva, watu na akili zao. Mkono ulikuwa wangu. Lakini siwezi kuwauzia kibanda kama bustani ya Edeni wakati sheria iliyonitoa chuoni niliisoma kwanza pale ukutani. Ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba kwa simu hakuna mathe anayeweza kusimama mlangoni.

Bata hawapigiki tena

Kibanda hakipo. Mahali pake sasa wanauza maji na kuchaji simu. Fundi alirudi ushago, na zile PS2 mbili hakuna anayejua ziliishia wapi, wala ile memori kadi na sevu zetu zote. Vibanda bado viko mtaani, na mashine mpya na TV bapa, na nimepita nikaona watoto kwa benchi. Mechi si ashu tena.

Mwezi uliopita nilipata TV gemu kwa jamaa wa vitu kuukuu, na kaseti yake ya njano, na bunduki. Nikaileta kwa mathe. Tukachomeka zile waya kwa TV, ikawaka, wimbo ukaanza, na nikasikia dadangu akitoka jikoni mbio.

Tulianza na bata. Nikalenga, nikavuta. Hakuna. Nikasogea karibu, bunduki imegusa skrini kabisa. Hakuna. Bata wanapita tu, yule mbwa anatucheka.

Nilidhani bunduki imekufa, nikaenda kusoma. Kumbe ile bunduki haikuwahi kutoa kitu. Ndani ina jicho la kuona mwanga. Ukivuta, skrini inakuwa nyeusi kwa nukta ndogo usiyoweza kuiona, halafu mahali pa bata panakuwa kisanduku cheupe. Jicho likiona weupe kwa wakati uleule, umempiga. TV ya mgongo ilichora picha papo hapo, mstari kwa mstari, na gemu iliandikwa ikitegemea hilo. TV bapa inapokea picha, inaikorogakoroga kwanza, ndipo inaionyesha, imechelewa kidogo sana. Jicho linaangalia, weupe haujafika. Bunduki nzima, kaseti nzima, bata wazima, lakini kitu kilichowaunganisha kilitupwa na zile TV.

Dadangu akaninyang'anya padi akaweka Mario. Hajaicheza karibu miaka kumi na mitano. Alikufa mara mbili, halafu vidole vikakumbuka, na akaanza kwenda na ule utulivu wake wa nyoka. Mimi nilikaa kando, nikisubiri zamu, na sikuwa na haraka nayo.

Mathe alikuwa ameegemea mlango. Akaangalia kidogo, akaangalia ile kaseti ya njano mkononi mwangu, akasema, "Hii sasa naijua. Ilikuwa kwa wale wa mlango wa tatu. Mlikuwa mnanichelewesha kufunga geti."

Hivyo ndivyo ningeanza ile video kama ningeirudia. Na wewe je, yenu ilikuwa kwa nyumba ya nani? Na nani alisimama mlangoni?